Bize na Sori

Nyumbani,
Tarehe 3 Februari

Kwa mwanangu kipenzi,

Salamu nyingi, nyingi mpaka kalamu inachoka kabla yangu. Hujambo mwanangu? U mzima? Unakula na kushiba, au unakula umesimama kama kawaida yako? Sisi huku hatujambo, tunaendelea, ila wasiwasi juu yako tu.

Baba yako anakusalimia. Goti lake bado halijakubali kukunjika. Anapiga randa amesimama kwa mguu mmoja, nikimwambia keti anasema hajawahi kuona mbao inayonyooshwa na mtu aliyekaa. Bibi yako anakusalimia. Masikio yake yamezidi kuziba, kila kitu tunamwambia mara mbili na yeye anajibu mara tatu. Kaka yako mkubwa anakusalimia, anachomelea mageti ya watu kutwa nzima na mlango wetu wenyewe umening'inia kwa bawaba moja. Wifi yako anakusalimia, tumbo limefika puani. Anasema akizaa wa kike atampa jina lako, nami nimemwambia asubiri kwanza tuone kama mtoto mwenyewe ni mbishi. Kitinda mimba wetu anakusalimia sana, meno ya mbele yameng'oka, sasa kila akisema anapiga mluzi bila kukusudia, na akipiga mluzi anajicheka. Fundi cherehani mwenye simu anakusalimia. Shemeji yake dereva wa lori anakusalimia, ingawa yeye atafika getini kwenu pamoja na salamu yake. Hata paka angekusalimia, ila amekasirika, tumewagawa watoto wake.

Na mimi mama yako nakusalimia wa mwisho, ili salamu yangu ikae juu ya zote.

Sasa mwanangu, nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Ni wiki mbili sijasikia sauti yako. Nikienda kwa fundi cherehani kukupigia, simu inaita, inaita, halafu inakatwa. Haikatiki yenyewe, najua. Inakatwa na mtu. Baadaye unaingia ujumbe, fundi anapiga kelele dirishani, "Mama! Binti yako huyo!" Nami natupa nilichoshika nakimbia. Juzi nilitupa sufuria na maji yake. Nafika, naangalia: Bize. Basi. Siku nyingine: Bize mama, sori. Siku nyingine tena: Sori, peke yake. Nikamwambia fundi hebu geuza simu, labda maneno mengine yako upande wa nyuma. Akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Mimi sikuwa nacheka.

Bize nalijua. Ndilo analonijibu kaka yako nikimwambia habari ya mlango. Sori nalisikia kwa vijana wakigongana njiani. Lakini nilitaka kulijua sawasawa, nikamuuliza wifi yako kwa kuwa yeye alifika kidato cha pili.

"Mama, bize ni mtu mwenye shughuli. Sori ni samahani. Au pole."

"Samahani, au pole?"

"Vyote viwili."

"Sasa mwanangu ananiomba samahani, au ananipa pole?"

Akajifanya anatafuta kanga yake. "Inategemea, mama."

"Inategemea nini?"

"Inategemea kilichotokea."

Hapo ndipo roho iliponiruka. Kwani kimetokea nini, mwanangu? Wifi yako ananiambia nisiwaze, ni maneno tu, vijana wote wanaandika hivyo siku hizi. Nami nakubali kwa kichwa. Kichwa kinakubali, tumbo linakataa.

Barua hii nampa dereva. Anavuka mpaka kuja huko na vitambaa vyake mara mbili kwa wiki, ataiacha getini kwenu kwenye dobi kwa jina lako. Niandikie kwa mkono wako, maneno mengi, hata yasiyo na maana. Niandikie umekula nini. Niandikie nani amekuudhi. Akirudi bila barua nitampekua mfukoni, na nimeshamwambia.

Wako akupendaye,
Mama yako


Kazini,
Tarehe 7 Februari

Kwa mama mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini wote hapo nyumbani hamjambo. Mimi sijambo kabisa. Barua yako imenifikia, ahsante.

Usishangae mwandiko. Vidole vimevimba kwa mvuke wa mashine, naandika kwa mkono wa kushoto ndiyo maana herufi ni kubwa na zimeachana. Kazi ni nyingi sana. Mashuka ya hoteli yanakuja na ya hospitali yanakuja, tunapiga pasi siku nzima tumesimama. Simu yangu imeharibika pa kusikilizia, kwa hiyo siwezi kupokea, naweza kuandika tu.

Yale maneno usiyatilie maanani mama. Bize ni bize na sori ni sori. Kila moja lina kazi yake, hayana undugu. Huku kila mtu anayasema. Ukiitwa, bize. Ukichelewa, sori. Ukimgusa mtu kwa toroli la mashuka, sori. Yamenizoea tu.

Msalimie baba na goti lake, bibi, kaka na wifi. Waambie nawakumbuka.

Sori mama kwa kukutia wasiwasi. Sori sana.

Mwanao


Nyumbani,
Tarehe 10 Februari

Kwa wewe uliyeandika,

Sijui nianze na salamu gani, kwa sababu sijui namsalimia nani. Hujambo? Nakuuliza kwa moyo, si kwa mazoea.

Barua yako niliipokea mlangoni, dereva hajazima hata gari. Nilifurahi kwa muda wa kuifungua tu. Nikaisoma mara ya kwanza nikakosa raha. Mara ya pili nikamwita baba yake. Akasoma, akaikunja, akasema, "Mkono wa kushoto huo." Nikamwambia ndiyo, mkono wa kushoto, lakini wa nani?

Nikaenda kwa fundi cherehani nikamwomba simu yake. Akaniachia akisema nisibonyeze popote palipo pekundu. Tukaketi mimi na baba yake kwenye benchi la randa, tukarudi nyuma, ujumbe mmoja mmoja, mpaka wa mwaka jana. Baba yake akavaa miwani ya bibi ili aone vizuri.

Bize zake za zamani zilikuwa na mwili. "Bize mama, leo mashuka yamekuja na madoa ya wino, nani analala na wino?" "Bize, nikitoka nakupigia," na akitoka anapiga kweli, anahema, nasikia viatu vyake vinapiga njia. "Bize, mwambie kitinda mimba atoe kidole mdomoni, namwona kutoka huku." Bize yake ilikuwa mlango uliorudishwa tu, ukiusukuma unaingia. Halafu tukafika mahali bize ikabaki peke yake. Haina mashuka, haina nitakupigia, haina mtu wa kutaniwa. Nikamwambia baba yake, mtu akiwa na shughuli si lazima kuwe na shughuli yenyewe? Hii ni shughuli gani isiyo na jina?

Na sori haipo. Kabla ya mwezi uliopita haipo hata moja. Tumetafuta mpaka chaji ikaisha, fundi akaja na waya wake anauliza, "Mmepata mlichopoteza?" Baba yake akamjibu, "Ndiyo kwanza tumekipoteza."

Nikuambie mwanangu alivyo, kwa kuwa nadhani unamjua lakini hukumjua mdogo. Haombi radhi kwa mdomo. Alivunja mtungi wa bibi yake akiwa hajafika hata kiunoni kwangu. Hakusema kitu. Tukaamka tukakuta uwanja umefagiwa wote, na wa jirani umefagiwa, na jirani amesimama anauliza nani anamchokoza. Siku nyingine alinijibu vibaya mbele ya wageni, kesho yake ndoo zote zimejaa maji, hata bakuli la paka. Baba yake alikuwa akichungulia nje asubuhi anasema, "Uwanja unameta. Mwanao kafanya nini tena?" Hiyo ndiyo samahani yake. Hilo neno sori halimkai mdomoni wala kidoleni. Anayeliandika kila siku ni mtu mwingine, aliyelelewa na watu wengine, na lipo jambo linamla.

Nililiwaza usiku na mchana, nikamwambia wifi yake, kidato chako cha pili kimenisaidia lakini hakikumaliza. Uliniambia maana yake, hukuniambia watu wanayaandika wakitaka nini. Bize mtu anaandika ili aachwe. Sori mtu anaandika ili asiachwe. Hayo yanawezaje kutoka kwenye mkono mmoja kwa siku moja? Wifi yake akaacha alichokuwa akifanya. Akasema, "Mama, mimi naogopa." Nikamwambia karibu, nafasi ipo.

Na tena umesalimia nyumba nzima ukamruka kitinda mimba. Mwanangu alimbeba mgongoni mpaka mgongo ukachukua sura yake. Angenisahau mimi kwanza.

Sikugombezi. Nakuomba. Kama ungekuwa mbele yangu ningekushika miguu, sasa nashika karatasi. Niambie. Kama amefungwa niambie, nitajua pa kuelekeza uso. Kama amepata mwanamume akanificha, niambie, nitacheka mpaka nikae chini. Kama ni mgonjwa niambie ugonjwa. Kama ni lile jambo jingine, pia niambie. Nikisikia cherehani ya fundi imesimama nadhani ameacha kushona ili aniite. Nimekuwa mtu wa kusikiliza cherehani.

Usiniandikie tena herufi kubwa. Andika kwa mkono wako ule wa kila siku. Nitakusoma hata ukiandika vibaya.

Mama yake


Chumbani,
Tarehe 14 Februari

Mama,

Shikamoo. Mimi ni msichana mwenzake wa chumba. Huku wananiita Mrefu. Mama yangu alifariki kabla sijajua kuandika, kwa hiyo sijui barua ya kwenda kwa mama huanzaje, utanivumilia.

Naanza na unachotaka kujua. Tulipoachana alikuwa hai. Leo sijui.

Nimeandika hivyo nikakaa nikaiangalia. Sina namna ya kuilainisha.

Tunaishi chumba kimoja, kitanda chake, godoro langu chini. Mwaka jana kibali changu cha kazi kiliisha na hawakuniongezea. Nikawa sina kazi, nashinda ndani, nikisikia hatua kwenye ngazi nazima redio. Mwanao akarudi siku moja akanirushia kadi yake ya kazini kwenye godoro. Akasema, "Mrefu, tugawane. Siku tatu mimi, siku tatu wewe. Shuka halijui limenyooshwa na nani." Ukigusisha kadi hiyo getini inalia, mlinzi hainui hata macho kwenye gazeti lake. Ndani wote tumevaa kofia mpaka kwenye nyusi na aproni za rangi moja, na mvuke juu yake, msimamizi anaita jina anaitikia yeyote aliyesimama pale. Mimi nikawa naitikia jina lake. Yeye ananicheka nyumbani, ananiita kwa jina lake mwenyewe nikiosha vyombo vibaya: "Wee, unaniaibisha!"

Mwezi uliopita tumbo likaanza kumuuma, chini upande wa kulia. Zilikuwa siku zake za kazi. Nikamwambia twende hospitali, akasema ni chango tu, litapita, wewe kanishikie zamu. Nikaenda. Kesho yake nikaenda tena. Jioni nikamkuta anatetemeka, midomo imekauka, anazungumza na kitinda mimba kana kwamba yuko pale, anamwambia toa kidole. Kwa hiyo kitinda mimba namjua mama. Nilimruka kwa sababu sikuweza kumwandika.

Nilimteremsha ngazi mgongoni, tukapata teksi. Daktari alimbonyeza kidogo tu akasema kidole tumbo kimepasuka tangu jana, uchafu umesambaa tumboni, anaingia kupasuliwa sasa hivi. Karani akaniuliza jina lake, nikalitaja. Akauliza anafanya kazi wapi, ili waajiri wajulishwe.

Mama, hapo ndipo nilipoharibu. Siku ile ile asubuhi kadi yake ililia getini, mimi ndiye niliyeingia nayo. Na jana yake pia. Wakiuliza kazini wangeambiwa mtu huyo haumwi, yuko kwenye mashine. Mtu mmoja mahali pawili. Niliona kadi inafutwa, mimi nakamatwa, yeye anafukuzwa akiwa kitandani. Karani ameshika kalamu ananingoja. Nikasema, "Samahani, naenda chooni kidogo." Nikatoka kwa mlango mwingine. Sijarudi.

Kabla hawajamsukuma ndani alikuwa amenipa simu yake. Alinishika kidole akasema, "Mama akipiga mwandikie bize. Hilo analijua, halimtishi. Nikitoka nitampigia mwenyewe."

Bize ni yake mama, alinipa yeye, na nimeitumia kama alivyoniambia. Sori hakunipa. Sori ni yangu. Nikishaandika bize kidole hakitaki kutuma, kinakaa pale mpaka niongeze kitu, na sina kitu kingine. Siku nyingine naifuta bize kwa sababu ni uongo, inabaki sori. Wewe umeyatofautisha kutoka huko bila kuniona. Niliposoma barua yako nilikaa sakafuni na viatu miguuni.

Nimepiga simu wodini. Wanauliza, wewe ni nani wake? Nasema, mwenzake. Wanasema habari tunampa ndugu. Nakata. Siku moja nilifika mpaka ngazi ya chini ya wodi yao, nikamwona mke wa msimamizi kwenye foleni ya dawa, nikageuka asinitambue. Naendelea kuingia kazini kwa jina lake, siku zote sita, ili akitoka akute kazi yake ipo. Hivyo ndivyo ninavyojiambia. Nikinyoosha mashuka ya hospitali nayaangalia kila moja. Sijui naangalia nini.

Kadi ikikaa kimya watamfuta. Nikijitokeza watamfuta. Na yeye yuko kule, au hayuko. Mama niambie nifanye nini. Mimi kila nikifikiri naishia kwenye ngazi ile ya wodi.

Mrefu


Nyumbani,
Tarehe 17 Februari

Mwanangu Mrefu,

Salamu zimekaa pembeni leo, utanisamehe. Wapo wote na wana hali mbaya wote.

Barua yako alianza kuisoma baba yako kwa sauti. Alipofika kwenye tumbo akanipa mimi. Nilipofika kwenye choo nikampa wifi yako. Yeye ndiye aliyeimaliza, anasoma na kupangusa macho kwa kiwiko. Bibi yako ambaye hasikii alisikia yote, kwa kuwa kila tulipomwambia mara ya pili tulikuwa tunapiga kelele. Kaka yako amesema maneno ambayo sitayaandika. Alitaka akujibu yeye. Nimeificha kalamu, ndiyo hii.

Nami nisikufiche, nilikuchukia. Kuanzia adhuhuri mpaka jua likazama nilikuchukia kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo. Nikasema amemtupa mwanangu kama shuka chafu, akaenda kunyoosha mengine. Kisha wifi yako akaniuliza, "Mama, nani aliyemteremsha ngazi?" Chuki ikaniishia, ikabaki hofu peke yake, na hofu haina muda wa kugombana na mtu.

Simu nimekupigia hupokei, kwa hiyo nisikilize hapa. Umeniuliza ufanye nini, nami nakuambia.

Baba yako amekwenda kuomba hati ya kusafiria. Wamemwambia akae kwenye benchi aitwe. Jana alikaa, leo amekwenda kukaa tena, na goti lile. Dereva haruhusiwi kuvusha mtu mpakani, nimemlilia mpaka akageuka upande. Miguu yangu haifiki huko mwanangu. Iliyopo ni yako tu, na nasikia ni mirefu.

Nenda. Kadi mwekee msimamizi mkononi, au iache juu ya mashine, vyovyote. Mwambie kweli au usimwambie. Kazi ipotee. Sikuzaa kadi. Wewe unaogopa wasimfute kazini, mimi naogopa asiwe ameamka kule, anageuza macho mlangoni kila unapofunguka, anaingia muuguzi, anaingia mfagiaji, anaingia jamaa wa mgonjwa wa jirani, wake haji. Labda anafikiri tumesikia na tumekaa. Labda anakungoja wewe utoke chooni. Hilo ndilo linaloninyima pumzi, Mrefu, kuliko hata lile kubwa. Mwanangu kuhesabiwa hana mtu, na sisi tumejaa nyumba nzima.

Wakikuuliza wewe ni nani wake, sema dada yake, baba mmoja mama mmoja. Usitetemeke kwamba ni uongo. Mimi ndiye ninayejua nimezaa wangapi, na leo naongeza mmoja. Wakitaka kuona, kata kipande hiki cha karatasi uwape, naandika kwa herufi kubwa kama zile zako za kwanza:

HUYU NI BINTI YANGU. MPENI HABARI ZA NDUGU YAKE. MAMA YAO.

Baba yako ataweka sahihi hapo chini kabla haijaondoka. Mke wa msimamizi ukimkuta kwenye foleni, msalimie upite.

Ukimkuta yuko macho, mshike nyayo kwanza. Akiumwa huwa baridi inaanzia miguuni, na hasemi, anakunja vidole tu. Mwambie mama anajua kila kitu, asijichoshe kunificha. Mwambie wifi yake bado hajajifungua, kwa hiyo jina halijagawiwa. Yale maneno mawili yaache kwenye simu, wodini hayana kazi. Sema naye kama mnavyosema chumbani. Mtanie.

Ukimkuta amelala hasikii, mwekee simu sikioni, piga kwa fundi. Fundi amenipa kiti pembeni ya cherehani, nimehamia hapo, hata chakula wananiletea hapo na kurudi nacho. Nitazungumza mimi. Usiogope simu kumaliza salio, wewe ishike tu.

Na ukimkuta hayupo.

Hapo nimeacha kuandika nikaenda kukoroga moto usiohitaji kukorogwa. Nimerudi. Ukimkuta hayupo, uliza wamemweka wapi, ukae mlangoni kwake, asiwe peke yake, na unipigie. Usiandike. Sema kwa mdomo wako. Sauti nitaivumilia hata ikisema nini. Neno moja kwenye kioo cha simu siwezi tena.

Barua hii dereva amekupa mkononi, na yuko hapo nje ya geti lenu. Nimemwambia asiondoke bila wewe, akufikishe hospitali na lori lake na vitambaa vyake. Tajiri wake atamfokea kwa kuchelewa, amesema atafokewa. Ukifika mstari huu usirudi mwanzo kusoma tena. Vua aproni, toka. Na ukishamwona, kabla hata hujavuta kiti, nipe habari upesi. Upesi, mwanangu.

Mama yenu